Mita Mia Nne za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ana kiti cha kuzunguka ofisini, kalamu tatu mfukoni mwa shati, na hajui kutembea. Miguu anayo, tena mirefu, ila ameizoesha kukanyaga pedeli za gari tu. Na huyu ndiye halmashauri iliyemkabidhi kazi ya kupanga mtaa wetu. Jina lake limo kwenye vyeti alivyovitundika sebuleni kwake. Mimi namwita Bwana Mita.

Mtaa ulikuwa na miarobaini kumi na mmoja. Chini ya wa kwanza alikaa muuza mboga, chini ya wa tano fundi viatu na benchi la wateja wake, na penye wa nane palikuwa na bomba la maji. Mama alipopata kiharusi na mguu wake wa kulia ukalegea, daktari alimwambia nusu ya dawa ni vidonge, nusu ni kutembea. Basi kila Jumatano alikwenda zahanati kwa miguu yake, mti hadi mti. Akifika kwa muuza mboga anakaa, wanamsengenya mtu mmoja. Akifika kwa fundi viatu anakaa, wanamsengenya mwingine. Mimi nashona sare za shule barazani, kwa hiyo nilimwona akienda na akirudi. Mwezi wa nane alianza kusahau fimbo nyumbani makusudi, ili mimi nione.

Ndipo Bwana Mita akaja na mpango wake. Miti inapasua lami, vibanda vinaharibu sura ya mtaa, vyote viondoke yapatikane maegesho. Alikagua mtaa mzima bila kushuka garini, vioo vimepandishwa, fomu juu ya usukani. Nilimfuata dirishani nikamuuliza mama yetu atakwendaje zahanati.

"Shemeji, punguza jazba," akasema. "Zahanati iko mita mia nne tu. Nimepima kwenye ramani."

"Mia nne kwa kupita wapi? Katikati hapo kuna kiwanda cha sabuni. Mama ataruka ukuta?"

"Kitaalamu ndivyo tunavyopima."

Nilirudi kwenye cherehani yangu kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimeshika mkasi.

Miti yote ilikatwa kwa siku mbili. Badala yake wakaweka vyungu sita vya saruji vyenye vimaua vya kumtosha kuku kivuli. Muuza mboga na fundi viatu wakahamia barabara kuu, na bomba likang'olewa.

Jumatano iliyofuata Bwana Mita alipita kutusalimia. Alimkuta mama amekwisha kuvaa.

"Baba, nisindikize zahanati," mama akamwambia.

"Ngoja nigeuze gari, mama."

"Nimesema unisindikize, sikusema unipakie."

Sasa mtu atamkataliaje mama mkwe mbele ya watu? Wanasema aliye juu mngoje chini. Nikaiacha sare bila mkono mmoja, nikawafuata na chupa ya maji. Sidanganyi, nilikwenda kutazama.

Hatukufika hata robo ya njia, shati la Bwana Mita lilikuwa limemganda mgongoni. Viatu vyake vyembamba vilimbana, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga misumari. Mama alitafuta pa kukaa. Palipokuwa na benchi pameegeshwa gari jeusi, na alipoliegemea likaanza kupiga kelele, mlinzi akatoka kutufokea. Tukaendelea. Mbele kidogo mama akaketi kwenye ukingo wa barabara, juani, na kuinuka akashindwa. Ilibidi tumnyanyue wawili.

"Bado mbali?" Bwana Mita akauliza.

Aliuliza yeye, mwenye ramani! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikamtazama mama. Midomo ilikuwa imemkauka na ule mguu ulikuwa ukitetemeka. Kicheko kikaniisha, nikaona haya.

Tulifika saa nne na nusu asubuhi.

"Bibi, leo umechelewa," muuguzi akasema. "Namba zimekwisha saa nne."

Miezi minane mama hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Aligeuka akatazama njia tuliyotoka. Bwana Mita naye akaitazama, kitambaa mkononi, jasho likimtiririka, na kwa dakika moja nilimhurumia. Nilidhani ameelewa. Nilidhani atasema jambo la mtu mzima.

"Mama, usijali," akasema. "Kuanzia wiki ijayo nitakuja na gari kila Jumatano."

Na ahadi ametimiza, sitamsingizia. Anafika, anapiga honi, anafungua mlango wa nyuma. Mwezi wa kwanza mama alipanda mwenyewe. Wa pili nilimshika mkono. Siku hizi Bwana Mita humbeba kutoka kitandani hadi garini, majirani wakimtazama na kusema mkwe wa namna hii hapatikani tena. Naye huwapungia mkono, mpumbavu yule.

Juzi daktari aliupima mguu wa mama, akaubonyeza, akaurudisha kitandani taratibu.

"Alikuwa anaendelea vizuri sana," akaniambia. "Kwa nini aliacha kutembea?"

"Ana mkwe mwenye gari," nikamjibu.