Kiingereza cha Mwendo

Kafyu ilipoanza, Idrisi alikuwa hajarudi. Mama yake, Mwanabibi, alisogeza kiti hadi mlangoni mwa nyumba yao ya Majengo, mjini Meru, akazima taa ili asikie vizuri. Mbwa wa mtaa walikuwa kimya, na ukimya huo haukumpendeza.

Idrisi alikuwa ametumwa Kibirichia kununua ng'ombe wa bucha. Barabara ile hupita kando ya msitu, na tangu serikali itangaze Emajensi, hali ya hatari, anayepita pale hutazamwa kutoka pande zote mbili, ya askari na ya wapiganaji wa msituni.

"Lala, Mama Idrisi," mumewe Mbarak alisema kutoka chumbani. "Mtoto ana pasi ya kusafiri na ana mdomo. Atakuwa amelala kwa watu."

"Watu gani siku hizi wanalaza mgeni?"



Giza halikumtisha Mwanabibi kama yalivyomtisha mazoea ya kazi ya mwanawe. Mswaga ng'ombe akisikia kelele hasimami. Hukimbia mbele amzuie ng'ombe anayeongoza, kabla kundi halijatawanyika. Mbarak alimfundisha mwanawe hivyo tangu utotoni, na miguu ikishazoea haiulizi. Lakini askari wa siku hizi akipiga kelele na mtu akakimbia, hupigwa risasi. Mchinjaji mmoja wa Kianjai alizikwa kwa kosa hilo hilo.

Ndiyo maana Mwanabibi alimgawia mwanawe Kiingereza chote alichokuwa nacho. Alikiokota Timau, kwenye shamba la ngano la mzungu, alipokuwa yaya wa mtoto aliyekuwa akijifunza kutembea. Kam, njoo. Go, nenda. Wok, tembea. Ran, kimbia. Stop, simama hapo hapo. Kilikuwa Kiingereza cha mwendo tu. Cha mazungumzo hakuna aliyempa. Jioni za kabla ya safari, uani, yeye alijifanya askari na Idrisi akaswaga mbuzi.

"Stop!"

Idrisi alimrukia mbuzi amkamate.

"Umekufa," alisema Mwanabibi.

"Na mbuzi je, mama?"

"Mwache aende! Kwani mbuzi nilimzaa mimi?"

Idrisi alicheka. "Haya, afande." Wakarudia na kurudia, mpaka miguu yake ikakubali kutulia.

Alfajiri, kafyu ilipoisha, mlango uligongwa. Alikuwa Kathuri, homugadi, mlinzi wa mtaa aliyewekwa na serikali, aliyezoea kununua nyama kwao. Alikataa kuingia.

"Mama Idrisi, kijana yuko hai."

"Alhamdulillahi!"

"Ngoja kwanza." Kathuri aligeuka kutazama barabara. "Doria ilimkuta kando ya msitu. Wakapiga kelele asimame, akasimama kama mti. Lakini ng'ombe walishtuka, wakaingia msituni wote. Yeye akabaki anawatazama tu."

"Si aliambiwa asimame?"

"Afisa anauliza, mswagaji gani anaacha ng'ombe wajiendee? Anasema alikuwa anawapelekea watu wa msituni nyama. Lori la mahabusu linaondoka asubuhi hii hii. Na mimi hamjaniona."

Mwanabibi alijifunga leso akatoka mbio. Mbarak alimwita kutoka nyuma, hakugeuka. Mtoto alikuwa amefanya sawasawa alivyofundishwa, na sasa anachukuliwa kwa ajili hiyo.

Kituoni, lori lilikuwa limefunikwa turubai. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa, na askari amesimama mbele yake.

"Nataka kumwona afisa. Mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu asimame."

"Huyu mzungu ni mgeni, mama, Kiswahili hajui," askari alisema. "Na mkalimani ameenda na doria. Unajua Kiingereza?"

"Najua."

"Basi sema mwenyewe." Askari akagonga mlango.

Kutoka ndani sauti ya mzungu iliuliza jambo kwa Kiingereza. Mwanabibi alifungua kinywa. Alitafuta neno la kusema mwanangu hana kosa. Alitafuta la kusema ni mimi. Maneno aliyokuwa nayo yalijua kwenda, kuja na kukimbia. Hakuna hata moja lililojua kueleza. Sauti iliuliza tena, kwa ukali zaidi, kisha ikanyamaza.

"Mama, sema basi!" askari alinong'ona.

Lori liliwashwa. Chini ya turubai mtu alikohoa, na Mwanabibi akakijua kikohozi hicho, cha Idrisi. Akampita askari, akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili, akiita kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yake.

Lori likashika njia. Mlango haukufunguliwa.