Bado Mbichi

Jumamosi nilikuwa nasubiri kusukwa katika saluni moja ya Kakola. Msusi ni binti anayejifunza kucheza pool kwenye meza iliyoko nje, na hupata nafasi mteja anapokaa kwenye draya tu. Siku hiyo alikuwa anapambana na bingwa wa mtaa. Draya ikazimika. Mama aliyekaa chini yake akajigusa nywele, akaniangalia, akaiwasha tena.

"Mama, zimekauka?" binti aliita.

"Bado mbichi, mwanangu! Cheza taratibu."

Jasho lilikuwa likimtiririka mama huyo shingoni. Mara tukasikia makofi, na binti akaingia, akamshika nywele.

"Mama, mbona zimekauka zamani!"

"Najua. Umemfunga?"

"Kanifunga. Ila leo nimebakiwa na mpira mmoja tu."

"Basi keshokutwa nakuja kuosha tena."