Shangazi Anayeifundisha Mashine Kukagua Vikombe

Saa moja asubuhi, kengele ya zamu bado haijalia, na Shangazi tayari ana kikombe mkononi. Anakigeuza, anakichungulia kitakoni, anakigonga kwa ukucha. Kinalia vizuri. "Mzima huyu," anasema, na kukirudisha kwenye mkanda.

Juu yake kamera imening'inia, nayo inakitazama kikombe kilekile. Mwanafunzi wake huyo halali, haumwi jino wala haombi ruhusa ya msiba.

Shangazi, kama anavyoitwa na kiwanda kizima, amekagua vikombe vya udongo kwa miaka ishirini na mbili. Mwaka jana uongozi ulimleta mtaalamu wa kutabiri teknolojia. Akawasha picha ukutani, akasema baada ya miaka mitano kompyuta zitakagua vikombe vyote, na meza yao ya watu tisa itabaki na wawili.

"Jamani! Wenzangu wakaniangalia kama nimefiwa," anasema. "Mume wangu mgongo umemlaza ndani, kitinda mimba yuko sekondari. Niliogopa, sikufichi."

Halafu uongozi ukamwomba yeye ndiye aifundishe mashine. Makubwa haya! Mtu ajifukuzishe kazi kwa mdomo wake mwenyewe? Alikubali, lakini kwa shingo upande.

Kazi yenyewe ni kushika kikombe mbele ya kamera na kutaja kasoro yake, fundi wa kompyuta akiandika. Majina ni ya mezani kwao. Kilichopinda ni "mlevi", chenye vitundu ni "ndui", na chenye ufa uliojificha ni "mnafiki". Kile chenye kidoa kisichomdhuru mtu, Shangazi husema tu, "Msamehe," akakipitisha.

Fundi aliandika kila neno. Msamehe naye akaingizwa kwenye kasoro.

Siku ya majaribio mashine ilikataa karibu nusu ya vikombe. Makapu ya vilivyokataliwa yakafurika, meneja akashika kichwa. Shangazi akasogea kwenye kioo cha kompyuta na kusoma: msamehe, msamehe, msamehe.

"Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka," anasimulia. "Nikamwambia fundi, baba, msamehe si ugonjwa. Ni hukumu!"

"Na wewe ulikuwa unayasema yote kwa sauti ileile," fundi anajitetea kutoka kwenye kiti chake. "Mimi ningejuaje?"

Hapo ndipo hofu ilipoanza kumtoka. Si kwamba mashine ni mjinga, la. Siku hizi inamnasa mnafiki kabla yake, na jioni macho hayamwashi tena. Ila kwa kila udongo mpya na kila rangi mpya, lazima mtu aikalishe darasani upya.

Wiki iliyopita alipata jibu alilolisubiri kuhusu nani atabaki mezani. Wenzake sita wamehamishiwa kwenye rangi na upakiaji, na baadhi yao bado wamenuna, wala yeye hawalaumu. Yeye na wawili wengine wanabaki kuifundisha mashine.

Furaha yake haifichiki. Anaitazama kamera kama mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani.

"Kwa vikombe imehitimu," anasema. "Kwa sahani ndiyo kwanza iko chekechea. Zikiisha sahani, kuna mabirika. Na birika, mwanangu, lina mdomo, lina mkono, lina kifuniko! Mpaka ilijue, kitinda mimba wangu atakuwa amemaliza chuo, na mimi ndiye nitakayewaomba waniache nikapumzike."