Nailoni Chini ya Feni

Nicheke tu, msomaji. Tangu vyombo vyetu vichomwe kwenye vita vya uchaguzi, nyumbani kwa Mama hapa mtaani Pioneer kitu kipya hakitolewi nailoni ya kiwandani, hata rimoti. Basi mimi, mwalimu mzima, nilipojiundia kompyuta ya gemu kwa vipuri vya bei rahisi, feni ya kupoza prosesa niliifunga na nailoni yake chini. Kompyuta ikawaka, ikachemka, ikazima. Nikaibeba hadi dukani nikamfokea Chebet, fundi aliyeniuzia, mbele ya wateja:

“Umeniuzia takataka.”

Alifungua feni, akaibandua ile nailoni polepole, akaiinua kila mtu aione.

“Mwalimu, hii ulikuwa unamwekea nani?”

Mama, niliyemleta awe shahidi wangu, akamwangalia kwa huzuni.

“Sasa umeitoa, si itazeeka?”