Daftari la Bi Mwajuma Ninalo Mie

Admin, jina langu lifiche, mengine usipunguze. Mie ni mwanaume wa miaka sitini na mbili, naishi Kinondoni, nina mke, watoto na wajukuu. Najua mtanitukana, ila someni kwanza mpaka mwisho.

Miaka ya tisini, hospitali za watu binafsi zilipoanza kufunguliwa, moja ya kule Temeke ilinichukua niwatengenezee programu ya kutunza maelezo ya wagonjwa. Enzi hizo chumba cha kompyuta unavua viatu ndipo uingie, na mie ndo kwanza nimetoka kusoma nje, kichwa kimenivimba. Masijala kulikuwa na karani, Bi Mwajuma wa Tandika, kanizidi kama miaka kumi. Aliwekewa daftari la kuandika matatizo ya programu, na mie namjibu humohumo kwa kalamu nyekundu.

Akaandika: "Wagonjwa wawili wakiwa na majina matatu sawa, maelezo ya wa pili yanafuta ya wa kwanza." Nikamjibu: "Programu haina kosa. Wapeni watoto wenu majina tofauti." Wenzake walimcheka wiki nzima. Akanifuata kwa upole: "Mdogo wangu, sie huku mtoto anapewa jina la babu yake. Kina Ali Salum Ali wamejaa kila mtaa." Nikamwambia mbele za watu, "Bi mkubwa, wewe bonyeza, kufikiri niachie mie."

Akaandika tena. Nikajibu: "Nimejaribu, sijaona tatizo." Uongo mtupu. Nilijaribu na nililiona. Lakini kulirekebisha kulitaka kila mgonjwa apewe namba yake, kazi yangu yote ianze upya, halafu nikamwambie mkurugenzi kwamba karani wa darasa la saba kanikosoa. Thubutu! Mara ya tatu nikaandika: "Kosa la mtumiaji. Usiulize tena."

Haukupita mwezi, shangazi mmoja akamleta mtoto wa miaka minne ana homa, Ali Salum Ali. Mama yake alishasema siku za nyuma kwamba sindano ya penisilini inamdhuru, na Bi Mwajuma aliingiza onyo hilo kwa mkono wake. Lakini wiki ileile alikuwa ameandikishwa Ali Salum Ali mwingine, mtoto wa Buguruni, onyo likafutika. Wakamchoma. Adhuhuri haikumkuta hai.

Niliposikia, kitu cha kwanza niliingia masijala nikalichomeka lile daftari ndani ya shati. Kwenye kikao mganga mkuu akaniuliza kama programu inaweza kufuta maelezo yenyewe. Nikasema, "Haiwezi. Kuna mtu kabonyeza vibaya." Bi Mwajuma akapiga kelele, "Niliandika! Mara tatu, daftarini!" Nikamwambia, "Lilete basi." Akaenda kulitafuta, sie tunamsubiri. Akarudi mikono mitupu, na mie nikatikisa kichwa eti namhurumia. Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mtaani wakamwita muuaji mpaka akahamia Chanika. Programu niliirekebisha wiki iliyofuata, nikasifiwa.

Sasa juzi kapiga hodi kwangu. Kazeeka, anatembelea fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Sikuja kukulaumu, mdogo wangu," akasema. "Umri umekwenda, siku hizi najiuliza labda lile daftari niliota tu. Wewe ndo fundi. Niambie kweli, nilibonyeza vibaya?"

Daftari lilikuwa kabatini, nyuma ya kiti alichokalia. Nikamwambia, "Ndiyo, Bi Mwajuma. Ulibonyeza vibaya."

Jamani, alinishukuru! Alinishika mkono akanishukuru. Akasema bora sasa anajua, na Ijumaa atakwenda kwa mama wa yule mtoto akampigie magoti, amwombe radhi kabla hajafa.

Leo Jumatano. Tangu aondoke sili nikashiba. Daftari lipo mapajani, wino wangu mwekundu bado unasomeka vizuri tu. Nikilitoa, wajukuu zangu watajua babu yao ni mtu gani. Nikilichoma, hakuna atakayejua, na Bi Mwajuma atakwenda kupiga magoti kwa dhambi yangu. Na niwaambie ukweli, kiberiti nimeshanunua.

Nilitoe au nilichome? Niambieni leo, Ijumaa yenyewe keshokutwa.