Taa Saba Ambazo Hazikuwemo

Mdogo wangu alirudi nyumbani Bulyaga kutoka hospitali akiwa na magongo mawili na mguu wa kulia uliotiwa vyuma, na hakutaka mtu amtazame usoni. Alikuwa dereva wa lori la kubeba majani ya chai. Siku moja ya ukungu lori lilimshinda kwenye mteremko, likaacha barabara, na rafiki yake wa tangu utotoni, aliyekuwa ameomba lifti tu, akafa palepale. Rafiki huyo alikuwa mtu wa kijiji cha Kinyala. Alizikwa huko kwao wakati mdogo wangu bado yuko wodini.

Miezi ya kwanza hakuongea. Mama alimpikia mbalaga, zile ndizi alizozipenda tangu mtoto, na sahani ikarudi jikoni kama ilivyokwenda. Watu wa kanisani walikuja kumwombea, akageukia ukutani mpaka walipoondoka. Kisha akaanza kugawa vitu vyake. Viatu vya kazi alimpa jirani. Koti lake la mvua alimpa muuza maziwa. Redio alimpa mama. Mama alifurahi, akasema mwanawe ameanza kuwa na moyo wa kutoa. Mimi sikufurahi. Nilianza kuficha visu, kamba na dawa humu ndani, na kila nilipotoka kazini nilitembea haraka, halafu nikakimbia.

Nafundisha Kiingereza sekondari. Shuleni kwetu kuna mwalimu wa kompyuta, mtu mpole, ambaye akiwa hana kipindi hucheza magemu. Nilipomsimulia habari za nyumbani alinipa kompyuta yake ya zamani.

"Nimeweka gemu moja," alisema. "Halijatengenezwa na kampuni, ni watu wawili tu walijifungia chumbani kwao. Na lina hadithi, mwalimu. Mwache ajaribu."

Sikutegemea lolote. Lakini mdogo wangu aliifungua kompyuta ile asubuhi ya Jumapili, na niliporudi kutoka kanisani nilimkuta ameketi wima kwa mara ya kwanza tangu ajali.

Gemu lenyewe lilikuwa hivi. Kuna mfua kengele ambaye rafiki yake amezama pamoja na mji mzima chini ya ziwa. Mfua kengele anashuka ndani ya ule mji kumtafuta, akiwa na taa moja na nyundo. Akiuawa huko chini, na anauawa sana, haendelei pale alipoishia. Anaamka ufukweni mikono mitupu, na akishuka tena mitaa imejipanga upya, milango imehama, hakuna njia aliyoizoea. Kitu kimoja tu kinasonga mbele: hadithi. Ufukweni kuna kibanda cha bibi mmoja anayepika supu, na kila unapokufa na kurudi, bibi anakuambia neno jipya kuhusu ule mji na kuhusu yule rafiki. Kwa hiyo asiyekufa hajui kitu.

"Ziwa hili kama la Kisiba," mdogo wangu alisema siku ile. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote kwa wiki nyingi.

Maneno yote ya gemu yalikuwa ya Kiingereza, naye aliishia darasa la saba. Akaniomba nimsomee. Basi ikawa kazi yangu. Nikitoka shule nilikaa pembeni yake kitandani, mvua inapiga bati, yeye anacheza na mimi natafsiri. Akifa, nilikuwa naona shingo yake inalegea kidogo, kisha anabonyeza kuanza tena. Alikufa mara nyingi sana. Alianza kula, maana hakutaka kuacha kucheza na njaa ilimtoa kwenye mchezo. Mama alinishukuru huku analia.

Jioni moja nilimuuliza kwa nini analipenda gemu hili kiasi hicho.

"Nataka kujua kama anamtoa," alijibu.

"Nani?"

"Rafiki yake. Kama anamtoa kule chini. Nikishajua, nitapumzika."

"Kupumzika vipi?"

"Kupumzika tu, dada. Kama watu wanavyopumzika."

Alisema bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. Nikakumbuka vile vitu alivyovigawa. Sikumwambia mama, kwa sababu presha yake ingempeleka kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimsihi mdogo wangu twende kuonana na daktari, akasema mguu haumuumi. Nikabaki na mtu mmoja wa kumweleza. Kesho yake nilimwomba mwalimu wa kompyuta alimalize lile gemu haraka aniambie mwisho wake.

Alinijibu baada ya siku tatu, tukiwa tumesimama barazani kwenye ofisi ya walimu. "Anamfikia," alisema. "Lakini hamtoi. Rafiki anamwambia hawezi kubebwa, kwamba safari zote zile alikuja kuaga tu, basi aage apande juu. Inaishia hapo. Nililia, mwalimu."

Niliingia darasani nikaandika tarehe ubaoni, nikashindwa kukumbuka somo.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa amekuwa hodari. Kila siku alishuka chini zaidi. Nilimwombea afe. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: nilikaa pembeni ya mdogo wangu nikimwomba Mungu yule mtu kwenye kioo auawe, auawe tena, arudi ufukweni. Na Alhamisi moja hakuuawa. Alipita mlango wa mwisho, akaingia kwenye chumba chenye maji ya kijani, na rafiki alikuwa amekaa pale kwenye ngazi. Maneno yakaanza kutokea.

"Anasemaje?" mdogo wangu aliuliza.

Niliyasoma yote kwa macho. Kisha nikafungua mdomo, na kilichotoka sikuwa nimekipanga.

"Anasema taa yako ni ndogo. Anasema hawezi kupanda gizani. Urudi juu, utafute taa saba zilizofichwa mjini, ndipo umfuate."

Alinitazama. Halafu akapumua. "Saba," alisema. Akaanza tena.

Taa saba hazikuwemo kwenye gemu lile. Nilizitunga mimi. Kwa wiki tatu mdogo wangu alizitafuta, na kwa wiki tatu niliweka maneno yangu kwenye kinywa cha yule bibi wa supu. Niliandika kila uongo kwenye daftari la maandalio ya masomo ili nisijichanganye. Taa ya kwanza ilikuwa kokoto ya bluu aliyoipita mara kumi bila kuijali. Ya pili, mshumaa kwenye kanisa lililozama. Kwa maneno yangu bibi wa kwenye gemu alizungumza juu ya bei ya maji ya kisima cha mji, juu ya mafuta ya taa, juu ya kuku wake aliyekufa maji. Mdogo wangu alicheka hapo kwenye kuku. Nilikwenda nje kwenye migomba nikashika shina moja kwa mikono miwili, kwa sababu sikujua nitaweza siku ngapi zaidi.

Ilikuja Jumamosi. Alikuwa amefika tena kwenye kile chumba cha kijani, akaniita nikiwa nafua. Nilikuja na povu mikononi. Maneno yalikuwa yanasubiri kwenye kioo.

"Soma," alisema.

"Anasema bado taa mbili..."

"Dada." Hakupaza sauti. "Nimefika hapa juzi ulipokuwa shule. Nikafika na jana. Maneno ni haya haya, nimeyaangalia herufi kwa herufi. Lakini wewe siku ile ulisoma taa saba, leo unasoma mbili." Akaweka kidole kwenye neno moja. "Na hili nalijua. Hata mtoto wa chekechea anajua gudibai."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia yote: mwalimu wa kompyuta, mwisho wa hadithi, daftari, na kwamba nilimwogopa.

"Kwa hiyo hamtoi," alisema.

"Hamtoi."

"Na wewe ulikuwa unanichezea."

"Nilikuwa nakuzuia usijiue!" Lilikuwa neno ambalo halijawahi kutajwa ndani ya nyumba ile. Nikasikia sufuria ikianguka jikoni, na nikajua mama amesikia.

Nilikimbilia kwa mama. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema. Nilimkalisha, nikamtafutia dawa zake, nikampa maji. Haikuzidi dakika kumi. Niliporudi chumbani kitanda kilikuwa kitupu na magongo hayapo.

Nilitoka bila viatu vya maana, mvua inanyesha. Vijana wa bodaboda pale njiapanda walisema amechukuliwa na mwenzao, hawakujua kaelekea wapi. Kichwani mwangu kulikuwa na ziwa tu. Nilipanda pikipiki ya kwanza nikasema Kisiba, na njia nzima nilimpigia simu mdogo wangu, simu ikaita, ikaita, ikakatika.

Ziwa la Kisiba lilikuwa limetulia, mvua inalitoboa toboa. Nilizunguka ukingoni nikiita. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe aliniambia hajaona mtu wa magongo tangu asubuhi. Nilimuuliza mara ya pili. Nikamuuliza mara ya tatu, akaweka mundu chini akanishika mkono. Nilitazama yale maji nikitafuta gongo linaloelea. Sijui nilikaa muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba sikuweza kuomba tena. Nilikuwa nimemwomba Mungu mambo ya ajabu mno wiki zile, nikaona aibu kumwita.

Simu ililia. Alikuwa mama. "Yuko Kinyala," alisema. "Mama wa marehemu kanipigia. Anasema yupo pale kaburini na hataki kuinuka."

Kinyala ni upande mwingine kabisa. Nilifika nguo zimeniganda mwilini. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye tope, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Mama wa rafiki yake alisimama juu yake, kanga kichwani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazee wetu, wanaoitamka z kama s.

"Nimemuulisa kitu kimoja," aliniambia. "Hataki kujibu." Akamgeukia. "Mwanangu alisungumsa nini, mwishoni?"

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Aliniambia nipunguze mwendo," alisema. "Mara mbili. Nikamwambia gari ni langu."

Hakuwa amemwambia mtu. Si polisi, si mama, si mimi niliyekaa naye kitandani miezi yote ile.

Yule mama hakulia wala hakumpiga. Alisema, "Kumbe," akaingia ndani. Tulibaki na mvua. Nilimwinamia mdogo wangu nikamwambia tuondoke, akatikisa kichwa. Baada ya muda mama yule alirudi na kigoda, akakiweka pembeni ya kaburi.

"Kaa hapa, siyo kwenye matope," alisema. Mdogo wangu alipokaa, aliendelea: "Kukusamehe, leo siwesi. Usinidai leo. Lakini njoo Jumamosi. Njoo nikutasame tena."

"Ndaga, mama," mdogo wangu alijibu. Asante.

Tukiwa barabarani tunasubiri usafiri alinisemesha. "Ungenisomea ukweli siku ile."

"Ungekufa."

Alifikiri. "Sijui," alisema. "Huenda."

Jumatatu mama yetu, aliyesikia neno lile mwenyewe, alimshika mkono akampeleka hospitali kwa mtu wa kuzungumza naye. Anakwenda kila baada ya wiki mbili. Zipo asubuhi anaamka na macho yale ya zamani, na siku hizo naomba ruhusa shuleni. Kompyuta nimeirudisha kwa mwenyewe.

Jumamosi hukosi kumwona Kinyala. Mama yule bado hajatamka kwamba amesamehe, naye haulizi. Msimu huu alimpa kipande cha shamba la maharage akipalilie. Mguu haumruhusu kuinama, kwa hiyo hukaa chini, anapalilia pale mkono unapofika, kisha anajisogeza mbele kwa makalio, mstari hadi mstari, na yule mama anamfuata nyuma akiokota magugu.