Nilimtaja Wifi Yangu kwa Gauni Lake

Ndugu zangu, aliyemponza wifi yangu ni mimi. Si vijana wa mtaa, si kaka yake. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu.

Tunakaa Isevya. Wifi, mdogo wake mume wangu, alikuwa akikaa nasi na kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Alivaa vigauni vya juu ya magoti, anakwenda navyo mchana kweupe mpaka Gongoni. Mimi sikutoka bila buibui. Siku moja nikamsema. Akacheka: "Wifi, miguu ni yangu. Wewe ya kwako unamfichia nani?"

Maneno yale yaliniuma. Nisiwadanganye, nilimwonea wivu.

Ndipo vimini vikapigwa marufuku. Tukaitwa mkutano wa mtaa, tukaulizwa nani anatutia aibu. Wanawake wakawa wanasukumana kwa viwiko. Nikasimama, mwanamke mzima mimi, nikasema mwili wa mwanamke si wake peke yake, ni heshima ya mtaa mzima, lazima uchungwe. Wakanipigia makofi, kichwa kikanivimba. Nikamtaja wifi, na siku anayokwenda sokoni.

Vijana walimkamata penye mafungu ya mihogo, wakalikata gauni kwa mkasi mpaka kiunoni. Watu wakamzomea. Mama muuza mihogo akavua khanga yake ya juu, akamfunga. Mimi nilikuwa pale pale na kikapu changu, na wifi aliniona.

Mume wangu alimwachisha kazi siku hiyo hiyo. "Sasa nani atamwoa?" alisema. Akampeleka Usoke kwa mzee mmoja mkulima wa tumbaku, akawe mke wa tatu. Wifi mwenyewe hakuulizwa.

Nilidhani yameisha. Wapi! Mume wangu akaanza kusimama mlangoni kila nikitaka kutoka. "Hebu geuka." Nageuka. Ananikagua mbele na nyuma, anauliza naenda kwa nani na nitarudi saa ngapi. Buibui lile lile la siku zote, leo eti linanibana nyonga, kesho eti jepesi mno.

Nikaenda kushitaki kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ndugu," akasema, "si wewe uliyesema mkutanoni mwanamke achungwe? Mwenzio anachunga." Nikarudi nyumbani.

Juzijuzi wifi alijifungua, nikaruhusiwa kwenda kumwona. Nilimkuta anatunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, vidole vyeusi kwa utomvu, mtoto amelazwa kwenye gunia pembeni yake. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Wifi, umepewa ruhusa mpaka lini?"

"Mpaka treni ya jioni."

"Basi wewe una treni," akasema, akaendelea kutunga.

Nikakaa chini nikamsaidia kutunga mpaka wakati wa kuondoka, na radhi sikuiomba.

Dada zangu, ipo siku mtaulizwa mkutanoni nani anavaa vibaya mtaani kwenu. Nyamazeni, hata mkisukumwa kwa viwiko. Mimi nilidhani nikimtaja mmoja, atachungwa huyo mmoja.